Gari Litafika Wapi kwa Tangi Moja?

Tuseme ni usiku. Mama mjamzito amezidiwa. Hospitali iko mbali, kilometa 60, na barabara ni ya udongo. Kijijini mna gari moja dogo. Dereva anatazama mshale wa mafuta, anaona robo tangi. Je, gari litafika? Je, litarudi?

Ili kujibu, tunataka kujua mambo mawili. Kwanza, tangi linachukua lita ngapi? Pili, gari linakwenda kilometa ngapi kwa lita moja? Ukizijua namba hizo mbili, zizidishe. Magari mengi madogo yana tangi la lita 40 hadi 50. Tuseme letu ni la lita 45. Kwenye lami, kama linakwenda kilometa 12 kwa lita moja, tangi zima litalipeleka kilometa 540.

Lakini gari la mgonjwa wetu haliko kwenye lami. Limebeba watu watano, nalo linapanda vilima kwa gia ndogo. Hapo huenda likapata kilometa 7 tu kwa lita. Robo ya lita 45 ni kama lita 11. Zidisha 11 kwa 7, unapata kilometa 77. Kwenda na kurudi ni kilometa 120. Basi mgonjwa atafika, lakini gari halitarudi. Afadhali pesa za mafuta zichangwe kabla ya kuondoka, kuliko kuanza kuzitafuta mjini saa nane usiku.

Kila gari lina namba yake. Usimwulize mwenye kuliuza, maana yeye atalisifu tu. Pima mwenyewe. Nenda kituo cha mafuta, jaza tangi mpaka pomoni. Soma namba ya kilometa mbele ya usukani, uiandike katika daftari. Tuseme ni 63,240. Endesha siku kadhaa kama kawaida yako. Kisha jaza tena pomoni. Safari hii pampu inaonyesha lita 30, na namba ya kilometa ni 63,570. Toa ya kwanza katika ya pili, unapata 330. Gawa kwa 30. Gari lako linakwenda kilometa 11 kwa lita.

Sasa panga safari. Usihesabu tangi lote. Lita 5 ziache kando, kwa sababu daraja huweza kuvunjika ukalazimika kuzunguka. Zimebaki lita 40, yaani kilometa 440. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 450. Basi ongeza mafuta Morogoro.

Kwa nini namba hii hupanda na kushuka? Petroli huungua ndani ya injini. Katika kila lita 4 zinazoungua, kama lita 1 tu ndiyo inayosukuma gari. Nyingine hupotea kwa joto na moshi. Hiyo lita moja inagombaniwa na mengi: mzigo, tope, matairi yasiyo na upepo wa kutosha, na mzigo uliofungwa juu ya gari. Kinachokula zaidi kwenye lami ni mwendo. Ukienda mbio mara mbili, hewa hulizuia gari mara nne. Ndiyo maana mwaka 1974, mafuta yalipoadimika, Marekani ilikataza magari kuzidi kama kilometa 88 kwa saa. Sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 1995.

Madereva wengine huzima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta. Huo ni mchezo wa hatari. Injini ikizimwa, breki za magari mengi huwa ngumu, na usukani huweza kuwa mzito. Tena katika magari ya siku hizi faida yenyewe haipo. Ukiacha gia ndani na kuondoa mguu kwenye mafuta, injini yenyewe hukata petroli mpaka mwendo upungue.

Na ule mshale? Ndani ya tangi kuna boya linaloelea juu ya mafuta. Boya likishuka, mshale nao hushuka. Gari likiegeshwa mlimani, mafuta hukimbilia upande mmoja na boya hudanganya. Soma mshale mahali tambarare. Kama umekufa, daftari lako litakuambia umekwenda kilometa ngapi tangu ulipojaza.

Wengine huona heri kuweka dumu la petroli ndani ya nyumba kwa ajili ya dharura. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka kwenye jiko au kibatari, ukawaka hata kama dumu liko chumba kingine. Kwa gari la dharura, mahali pa kuweka akiba ni ndani ya tangi lake. Likifika nusu, lijazwe.