Kitabu cha Mapambo na Vyungu vya Wakisi

Zipo nyumba ambamo kijana akionekana na penseli anachora huambiwa anapoteza wakati, au kwamba uchoraji wote ni jambo la shaka. Hali ya kuwa Waislamu, kwa kujiepusha na sura za viumbe misikitini na misahafuni, waliikuza sanaa ya hati na maumbo hadi wageni wakaja kujifunza kwao.

Miongoni mwa wageni hao alikuwa Owen Jones, msanifu majengo wa Uingereza. Mwaka 1834 alifika Granada, Hispania, akayanakili mapambo ya kasri la Alhambra lililojengwa na watawala Waislamu. Mwaka 1856 alichapisha London kitabu kikubwa cha michoro ya rangi, The Grammar of Ornament. Leo chapatikana bure kwenye intaneti, na kijana wa Kyela aandikaye mabango ya maduka aweza kukifungua simuni.

Kunakili tu ua la Alhambra juu ya mlango wa duka la mchele hakutamfaa sana. Jones mwenyewe alishikilia kwamba pambo hulifuata umbo la kitu kinachopambwa. Tena, jambo lililotufurahisha, hakuanza na makasri: sura yake ya kwanza ni ya kazi za watu ambao Wazungu wenzake waliwaita washenzi, naye akazisifu.

Huku kwetu, waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, waliipamba misahafu yao karne ya 18 na ya 19 kwa rangi chache: nyekundu, nyeusi na manjano. Mwenye makopo matatu ya rangi asilalamike.

Na kuna walimu walio karibu zaidi. Chini ya Milima ya Livingstone, kijijini Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu ambavyo husafirishwa kwa mitumbwi na kuuzwa katika soko la Lyulilo, jirani na Matema. Kijana aliyekisoma kitabu kile ataanza kuuliza: kwa nini pambo limekaa hapa, si kitakoni panapoungua moto? Mstari huu unazunguka wapi, na unaachia wapi udongo mtupu? Siku ya soko ni Jumamosi. Amwamkie mama mfinyanzi kwa heshima, aulize, kisha anunue walau chungu kimoja, kwani kumshughulisha mchuuzi saa nzima na kuondoka mikono mitupu si adabu.