Je, Wajua? Kishingo Si Mgonjwa

Mgeni akimwona kuku kishingo mara ya kwanza hudhani amenyonyoka kwa maradhi, au ameponea chupuchupu makuchani mwa mwewe. Je, wajua kwamba shingo ile tupu ni urithi, tena wa jeni moja tu? Kuku aliyeipata kwa baba na kwa mama huwa na shingo nyekundu, wazi kabisa. Aliyeipata kwa mzazi mmoja hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo, juu kidogo ya gole. Sokoni mtazame hapo kabla hujauliza bei: ukikiona kishada, tarajia baadhi ya vifaranga wake watoke na shingo zenye manyoya kama kuku wengine.

Shingo hiyo ina kazi. Kuku hatoi jasho, na mwili wake una joto la karibu nyuzi 41. Saa nane mchana, jua la Tanga likiwaka, utamkuta chini ya mwembe ametanua mbawa, mdomo wazi, anahema. Kishingo ana manyoya pungufu mwili mzima, takriban asilimia 20 akiwa na kishada na 40 asipokuwa nacho, kwa hiyo hupoa upesi kuliko wenzake.

Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyojikunja, naye hupitisha hewa hadi ngozini. Ila usimpandishe kidimu kwa kidimu. Kifaranga akirithi kwa wazazi wote wawili, manyoya yake hukatika ovyo na huweza kubaki karibu uchi.

Yupo pia kuku asiye na mkia. Huyo hata mifupa ya mkia hana.

Na miguu ya manjano? Mwaka 2008 wanasayansi walionyesha kwamba haikutoka kwa kuku mwekundu wa msituni, babu mkuu wa kuku wetu, bali kwa kuku wa kijivu wa misitu ya India. Rangi yenyewe hutokana na majani mabichi na mahindi ya njano anayokula. Tetea wa aina hiyo akishika kutaga, rangi huenda kwenye kiini cha yai, na miguu hupauka wiki baada ya wiki. Aliyepauka miguu huku kilemba chake kingali chekundu hajaugua, ametaga sana.

Basi ndugu mfugaji, ukichagua jogoo wa mbegu, usimpeleke kishingo kisuni kwa sababu ya sura yake.