Jongo Ukambani: Ndengu zabebeshwa lawama isiyo yake

Kidole gumba cha mguu kikivimba usiku na kuwaka hata shuka isiguse, wazee wengi wa Kitui na Makueni wanajua watakachoambiwa kesho yake: acha nyama, acha maharagwe, acha ndengu, acha mbaazi. Nyama si kazi kuiacha, kwani katika nyumba nyingi huliwa siku ya sherehe au ya soko. Lakini mzee wa Mwingi au Kathonzweni akiachishwa ndengu, kunde na mbaazi, atakula nini? Muthokoi bila mbaazi ni mahindi matupu. Isyo bila maharagwe si isyo.

Ushauri huo una chanzo chake. Asidi ya yuriki, inayosababisha jongo, hutokana na purini, viambato vilivyomo katika seli za mimea, za wanyama na zetu wenyewe. Mwili huvunja purini, kisha figo hutoa takriban thuluthi mbili ya asidi hiyo kwa mkojo, na utumbo hutoa iliyobaki. Mamalia wengi wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi. Sisi na nyani wakubwa tulikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita. Asidi hiyo ikipita mikromoli 400 hivi kwa lita ya damu, inaweza kuganda na kuwa fuwele kwenye viungo, na hapo ndipo jongo huanza. Kwa kuwa ndengu zina purini, zikashukiwa.

Lakini mwaka 2004, mtafiti Hyon Choi na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 47,150 nchini Marekani kwa miaka 12. Waliokula nyama nyingi na vyakula vya baharini walipata jongo zaidi. Mboga na jamii ya kunde zenye purini hazikuongeza hatari hiyo, na waliokunywa maziwa kwa wingi, hasa yaliyopunguzwa mafuta, waliugua kwa nadra zaidi. Kwa maoni yangu, kumnyima mtu wa nchi kame zao linalostahimili ukame na linalompa protini kwa bei nafuu ni kumwongezea tatizo la pili.

Mshukiwa mkubwa zaidi yuko dukani. Soda ya kola ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, na nusu yake ni fruktosi. Ini linapoivunja fruktosi hutumia nguvu za seli kwa kasi, na mabaki ya kazi hiyo hugeuka kuwa asidi ya yuriki papo hapo. Sukari nyingine hazifanyi hivyo. Katika utafiti mwingine wa Choi, wa mwaka 2008, wanaume waliokunywa soda mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya jongo kubwa kwa asilimia 85 kuliko waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Juisi nayo ilihusishwa na jongo. Embe la Makueni likiliwa zima lina nyuzinyuzi na vitamini C, wala sioni sababu ya kuliogopa. Maembe manne yakisagwa na kuongezwa sukari katika jagi ni habari tofauti. Pombe nayo imo: bia ina purini zake, na pombe yoyote, kaluvu ikiwemo, hufanya figo zishikilie asidi badala ya kuitoa.

Kisha kuna kitambi. Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, mwili huacha kuitikia insulini ipasavyo, kongosho likazidi kuitengeneza, na insulini hiyo nyingi huziamuru figo zirudishe asidi ya yuriki kwenye damu. Ndiyo maana jongo, presha na kisukari huonekana mara nyingi kwa mtu mmoja. Je, asidi yenyewe ndiyo inayoleta magonjwa hayo mengine? Hapa nataka tuwe waangalifu. Majaribio makubwa ya alopurinoli, dawa inayoshusha asidi hiyo, yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakupunguza kasi ya kuharibika kwa figo, na lile la Uingereza la mwaka 2022 halikuwakinga wagonjwa wa moyo. Kwa hiyo asidi iliyopanda ichukuliwe kama kengele: siku hiyo hiyo mtu apimwe presha, sukari, na kreatinini ya figo. Asirudishwe nyumbani na orodha ya vyakula peke yake.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha Ukambani ni maji. Kati ya Juni na Oktoba, mito kama Tiva na Kaiti ikibaki mchanga, watu huchimba visima mtoni na kutembea juani na mitungi, wakinywa kidogo ili yabaki ya kupikia na ya mifugo. Mwili ukikauka, figo hubana maji na asidi pamoja, na mkojo mzito hujenga mawe ya figo. Huko El Salvador na Nikaragua, wakata miwa vijana wamekuwa wakifa kwa figo, na joto pamoja na ukosefu wa maji ni miongoni mwa sababu zinazochunguzwa. Kwa hiyo bwawa la mchanga linalohifadhi maji karibu na kijiji ni huduma ya afya pia.

Dawa nazo ziangaliwe. Vidonge vya kukojoza vya haidroklorothiazaidi, vinavyotolewa sana kwa presha, hupandisha asidi. Losartani huishusha kidogo. Mwenye jongo amwambie daktari, asiache vidonge mwenyewe. Akina mama waliokoma hedhi wasidhani huu ni ugonjwa wa wanaume, kwani homoni iliyosaidia figo zao kutoa asidi imepungua. Na anayeanzishwa alopurinoli aelezwe mapema: huanzwa kwa dozi ndogo, lengo ni kushuka chini ya mikromoli 360, na miezi ya kwanza maumivu yanaweza kurudi fuwele zinapoyeyuka. Akitokwa na vipele, aiache na arudi hospitalini siku hiyo. Maumivu pekee si sababu ya kuitupa.