Krismasi kwenye Wodi ya Sewahaji: Kumkumbuka Mfadhili kwa Kutoa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliwatazama marehemu wa ukoo: misa inayosomwa kwa nia ya babu, bahasha ya sadaka yenye jina la mama, mbuzi anayechinjwa nyumbani kwa wazee na majirani wakaalikwa. Leo tuje kwa marehemu wa aina nyingine, yule aliyetutendea wema bila kuwa na nasaba nasi. Mfadhili huyo hana mtoto miongoni mwetu wa kumsomeshea misa wala kumfanyia hitima. Krismasi inapofika, tumkumbukeje?

Nitamchukua mmoja ambaye jina lake hutajwa kila siku Dar es Salaam. Anayekwenda Muhimbili kumwona mgonjwa huambiwa yuko Mwaisela, au Kibasila, au Sewahaji. Wengi hulitamka hilo la tatu kama jina la jengo tu, wakapanda ngazi na hotipoti zao za uji. Lakini Sewa Haji Paroo alikuwa mtu, mfanyabiashara wa Kiismailia aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki Februari 1897.

Utajiri wake ulitoka Bagamoyo, mahali misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilipoanzia. Msafara ulihitaji vitambaa, shanga, nyaya za shaba, na zaidi ya yote wapagazi. Familia ya Sewa Haji iliviuza vitu hivyo na kuwaajiri watu hao. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipofika kujiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alimkuta Sewa Haji akiwa kijana wa miaka 20 hivi, na katika kitabu chake amemlalamikia kwa kurasa kadhaa kwamba alikuwa akimzungusha na kumlipisha zaidi kwa kila mpagazi. Hapana shaka kijana aliijua biashara yake. Baadaye aliuza pia bunduki na baruti, na alinunua pembe za ndovu zilizofika pwani mabegani mwa watu. Nayasema haya makusudi. Kumkumbuka mfadhili hakutudai tumfanye malaika, na mali yake tuijue ilikotoka, ndipo tutaona vizuri alichoamua kuifanyia.

Alichoamua ni hiki. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Wajerumani alitoa jengo lake la Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba lisiwe la dini moja wala la kabila moja, watoto wa Kiafrika na wa Kihindi wakae pamoja. Sharti kama hilo, kwa wakati ule, lilikuwa zito kuliko jengo lenyewe. Kisha ikaja hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake, iliyojengwa mwaka uleule wa 1897 kwa ajili ya Waafrika na Waasia, maana Wazungu walikuwa na ya kwao kule Ocean Road. Na katika wasia wake aliiachia serikali mali yake, ili mapato yake yaendelee kuihudumia hospitali na wenye shida. Hospitali mpya, Princess Margaret, ilipofunguliwa Upanga mwaka 1956, ile ambayo sasa ni Muhimbili, jina lake likahamia huko pamoja na wagonjwa.

Tazama namna alivyotoa, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo. Hakuacha fedha za kugawiwa siku moja. Aliacha mali izae, na kinachozaliwa ndicho kiliwe. Watu wa pwani wanaujua utaratibu huu kwa jina la wakfu: nyumba au shamba haliuzwi wala halirithiwi, kodi au nazi zake ndizo zinazokwenda kwa maskini, msikitini au kwa wanafunzi.

Sasa linganisha na sadaka zetu za Desemba. Tarehe 24 na 25 wodi hujaa vikundi vya kwaya, vya akina mama, vya wafanyakazi wa maofisi. Wanaleta sabuni, mafuta ya kupaka, kanga, maji, juisi, na nyimbo. Sidharau hata kimoja. Mama aliyejifungua kwa upasuaji na ndugu zake wako Kilosa anaihitaji ile sabuni, na wimbo kando ya kitanda unamfariji mtu kuliko tunavyodhani. Linalonisikitisha ni kwamba wagonjwa hupata maboksi matano ya juisi siku moja, na tarehe 27 hakuna anayepita. Na kamera huwa karibu mno na uso wa mgonjwa.

Anayetaka kumkumbuka mfadhili kwa dhati aanzie kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Hiyo ndiyo inayowajua wagonjwa wasioweza kulipa na wasio na ndugu wa kuwaletea chakula. Kikundi kikiilipia deni familia moja iliyoshindwa kabisa, kimefanya jambo ambalo halipigwi picha, lakini linamrudisha mtu nyumbani.

Jambo hili lina ukoo mrefu katika Ukristo. Kwaya zetu huimba “Haleluya” ya Handel kila Krismasi. Muziki huo, sehemu ya Messiah, ulipopigwa hadharani mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742, mapato yake yaligawanywa kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakafunguliwa. Baadaye Handel akawa anaupiga London kwa faida ya makao ya watoto waliotupwa. Katika wasia wake aliwaachia makao hayo nakala ya muziki wenyewe, na baada ya kifo chake mwaka 1759 waliendelea kuupiga na kuchangisha kwa miaka mingi. Basi kwaya inayojiandaa kwa mkesha inaweza kuandaa tamasha moja lenye kiingilio, fedha zote ziende wodini.

Kisha kuna damu. Shule zetu za sekondari hutoa sehemu kubwa ya wachangiaji, na Desemba zimefungwa. Wakati huohuo ajali za barabarani hazipumziki, wala akina mama wanaojifungua, wala watoto wenye selimundu. Damu haiwekwi akiba kwa miezi: chembe nyekundu hudumu wiki 5 au 6 kwenye jokofu, chembe sahani siku 5 hivi. Kwa hiyo iliyotolewa Oktoba haimsaidii sana mgonjwa wa Krismasi. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Familia ya watu wazima 6 ikienda pamoja kwenye kituo cha damu salama wiki ya tatu ya Desemba, kwa jina la mtu waliyempenda, imetoa kitu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Na kwa wenye uwezo zaidi, njia ya Sewa Haji bado iko wazi. Jumuiya inaweza kununua hatifungani za serikali kupitia Benki Kuu, kuanzia shilingi milioni 1. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, na mtaji hauguswi hadi muda uishe. Waislamu, ambao riba hawaitaki, wana nyumba ya kupangisha. Kwa njia zote mbili, Krismasi ya mwaka wa 10 haitategemea nani amekumbuka kupitisha kapu.

Wapo watakaouliza kama yafaa Mkristo atoe sadaka ya Noeli kwa kumbukumbu ya Mwislamu. Mtu huyu aliweka sharti kwamba mlango usimwulize mtoto dini yake. Wakristo wangapi wamelazwa, wakapona na wengine wakafa kwa heshima chini ya jina lake? Tunaweza kutia bahasha yake pamoja na za wazee wetu, na tukamwandika kwa jina lake kamili: Sewa Haji Paroo.

Wiki ijayo: hati ya amana, wadhamini, na namna ya kuzuia fedha ya marehemu isiliwe na walio hai.