Tumbili Jikoni, Popo Darini: Mtoe Bila Kumuumiza, Kisha Uzibe Njia

Wakazi wa Diani, Ukunda, Tiwi na vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Shimba Hills hawahitaji kuelezwa tumbili ni nani. Wanamjua kwa sufuria iliyofunuliwa, mkate uliochukuliwa mezani na papai lililoliwa nusu likaachwa mtini. Penginepo kero ni popo wanaonukisha nyumba kutoka darini, komba anayekimbia juu ya vichwa vya watu usiku kucha, au nyoka aliyejikunja nyuma ya mtungi.

Ombi la wengi ni moja: wanyama hao wakamatwe wapelekwe mbali. Makala haya yanaeleza kwa nini hilo peke yake halimalizi kero, hatua gani zinaimaliza, na ni nani wa kuitwa.

Ofisi gani inahusika?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Ulinzi wa wanyamapori ulibaki kwa serikali ya kitaifa, na anayeutekeleza ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kaunti ilipewa uzoaji wa taka, udhibiti wa wanyama kama vile mbwa, na vituo vya afya.

Kwa hivyo afisa wa kaunti hawezi kuja kumnasa nyani wala kumpiga risasi. Mwananchi naye hawezi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza kumuua, kumtega au kumfuga mnyamapori bila kibali, na adhabu yake ni faini au kifungo. Mtoto wa tumbili aliyefungwa kamba uani anahesabika humo, hata kama aliokotwa barabarani kwa huruma.

Taka, kwa upande mwingine, ni wajibu wa kaunti. Jalala likifurika karibu na nyumba, una haki ya kuripoti kwa ofisi ya wadi yako na kufuatilia hadi lizolewe. Utaona hapa chini kwamba jambo hilo na tumbili wa jikoni ni kitu kimoja.

Kwa nini kuwahamisha hakutoshi

Mnyama huja nyumbani kwa sababu mbili: chakula na maficho. Ukiondoa kundi la tumbili ukaacha pipa wazi na maembe yakioza chini ya mti, umeacha nafasi, na kundi jirani litaijaza. Wale waliopelekwa mbali nao huenda wakapigana na wenyeji wa huko, wakashindwa kupata chakula, au wakahamishia kero yao kwenye kijiji kingine. Ndiyo maana kukamata na kuhamisha ni hatua ya mwisho, na ni ya wataalamu.

Sumu ni mbaya zaidi. Haichagui. Inaua paka na mbwa wa nyumbani, kuku, na ndege wanaokula mizoga, na inaweza kuokotwa na mtoto anayecheza.

Kima, tumbili na nyani

Kwanza wajue. Kima na tumbili huingia jikoni, nyani huja kwa makundi na ana nguvu na meno makali. Mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, hula hasa majani ya miti na si kawaida yake kuvamia chakula cha watu. Asiadhibiwe kwa makosa ya wenzake.

Akiwa tayari ameingia ndani, usifunge mlango na usisimame mlangoni. Mnyama aliyezibiwa njia ndiye anayeuma. Toa watoto nje, fungua milango na madirisha, kisha simama mbali na njia yake na upige makofi au sufuria ukiwa upande wa ndani, ili aelekee nje. Kwa nyani, usimkazie macho na usimwonyeshe meno, kwani kwake huo ni uchokozi. Akikunyang'anya chakula, kiache. Mkate unanunuliwa tena.

Baada ya hapo, fanya yafuatayo:

• Usimpe chakula, wala usiruhusu mgeni au mtoto ampe. Aliyezoea kulishwa kwa mkono kesho atanyang'anya.
• Tumia pipa lenye kifuniko, ukifunge kwa kamba au ukiwekee jiwe. Toa taka asubuhi ya siku ya kuzolewa, si usiku wa kuamkia siku hiyo.
• Weka wavu wa chuma kwenye dirisha la jikoni na la stoo. Wavu wa plastiki wa mbu wataurarua.
• Chuma matunda mapema na uokote yaliyoanguka kila siku.
• Pogoa matawi yanayogusa paa. Yaliyo karibu na nyaya za umeme usiyaguse mwenyewe, ita Kenya Power.

Majirani wafanye haya pamoja. Nyumba moja ikiacha pipa wazi, mtaa mzima utaendelea kutembelewa.

Popo darini

Popo wanaokaa katika mapaa ya nyumba hula wadudu warukao usiku. Wale wakubwa wanaoning'inia mitini hula matunda, na ndio wanaochavusha maua ya mbuyu. Wote wana faida, lakini hakuna anayelazimika kulala chini ya kinyesi chao.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuziba tundu mchana. Popo wote wakati huo wamo ndani. Watakufa, wataoza na harufu itazidi, au watashuka vyumbani wakitafuta njia. Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Jioni, jua likizama, simameni nje kila pembe ya nyumba mtazame wanatokea wapi. Tundu la upana wa kidole gumba linawatosha.
2. Zibeni matundu mengine yote, mbakishe lile wanalotumia zaidi.
3. Juu ya tundu hilo, pigilieni kipande cha wavu laini au karatasi ya nailoni. Kifungwe juu na pembeni, chini kiachwe wazi, kikining'inia kama nusu mita kupita tundu. Popo atatambaa na kutoka kwa chini, lakini akirudi hataiona njia.
4. Acheni hivyo kwa usiku tano hadi saba. Jioni mkiona hakuna anayetoka, ondoeni wavu na mzibe tundu kwa saruji au bati.

Msianze kazi hii wakiwa na watoto wasioweza kuruka. Mkisikia milio darini usiku baada ya wakubwa kutoka, au mkiona vitoto visivyo na manyoya vimeanguka, subirini wiki kadhaa. Kwa kawaida popo hawa huzaa wadudu wanapokuwa tele, yaani msimu wa mvua, hivyo wakati mwafaka ni kiangazi.

Kinyesi kilichokauka kisifagiliwe hivyo hivyo. Vumbi lake linaweza kubeba kuvu inayodhuru mapafu. Vaa barakoa na glavu, kilowanishe kwa maji, kisha ukizoe. Kama unakinga maji ya mvua, safisha mifereji ya paa kabla ya maji kuingia kwenye tangi.

Komba na kanu

Hawa pia hutoka usiku. Tumia jaribio la gazeti: sokota gazeti kuukuu ulichomeke bila kulikaza kwenye tundu. Likisukumwa, mwenyewe yumo. Likikaa siku tatu bila kuguswa, hakuna anayepita hapo, na sasa unaweza kuziba. Ukisikia watoto, mwache mama awalee hadi watoke wenyewe. Wavu wa kuku pekee hautoshi kuziba, kwa kuwa hupindika. Tumia wavu mgumu wa chuma au saruji.

Nyoka

Nyoka hafuati watu, hufuata panya na vyura. Ondoa marundo ya kuni, makuti na matofali yaliyogusana na ukuta, funika nafaka, fyeka nyasi na uzibe mwanya ulio chini ya mlango.

Ukimwona ndani, rudi nyuma polepole, toa watu na mifugo, na mtu mmoja amwangalie kutoka mbali ili ajulikane alipo mtaalamu akifika. Usijaribu kumpiga. Akikutemea mate ya sumu machoni, osha kwa maji mengi mara moja na uende hospitali. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha wala asifungwe kamba kwa kukazwa. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikisike, avuliwe pete na bangili, na afikishwe hospitalini haraka.

Ukiumwa au kuparuzwa

Jeraha lolote la meno au kucha za mnyama, liwe dogo namna gani, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huenezwa na wanyama wengine pia, na dalili zikishaanza ugonjwa huo kwa kawaida huua. Chanjo baada ya kuumwa hufanya kazi ikianzwa mapema.

Nani wa kuitwa

Piga simu kwa kituo cha KWS kilicho karibu nawe ikiwa mnyama ni hatari, amejeruhiwa, amenaswa, au anaendelea kurudi baada ya hatua zote hizi. Kwa kima, tumbili, nyani au mbega aliyegongwa na gari au kupigwa na umeme katika Diani na viunga vyake, lipo pia shirika la Colobus Conservation, ambalo limefanya kazi hapo tangu 1997. Chifu na wazee wa Nyumba Kumi wanaweza kukusaidia kufika kwa afisa anayehusika. Andika nambari hizo leo ukutani au kwenye simu, kabla hujazihitaji usiku.

Na ukimaliza kuita, angalia pipa, dirisha na paa. Mwenzetu wa KWS anaweza kumtoa nyoka au nyani mara moja. Asirudi tena, kazi hiyo ni ya mwenye nyumba na jirani zake.