Shifta: jambazi au mwasi?

Msomaji wa Wajir ananiuliza: mbona tukikosana na mtu hutuita shifta? Asili ya neno hili si Kisomali, wala si Kiswahili. Limetoka Uhabeshi, na kitenzi chake katika Kiamhara ni kuasi. Huko shifta aliweza kuwa mporaji, naam, lakini pia mtu wa heshima aliyeingia porini kumpinga mtawala. Kassa Hailu alikuwa shifta kabla ya kutawazwa kuwa Tewodros wa Pili mwaka 1855!

Serikali ya Kenya, katika vita vya 1963 hadi 1967, ilibakisha ujambazi tu. Waliotaka kujiunga na Somalia wakawa shifta, na mfugaji aliyekuwa akinywesha ngamia wake kisimani naye pia. Darasani mimi husema 'waasi'.