Mifupa ya Karatasi

Mifupa ya mtu huwatisha wengi. Lakini huko Meksiko, katika bara la Amerika, tarehe 1 na 2 Novemba kila mwaka watu huwakumbuka marehemu wao. Hutundika karatasi zilizotobolewa picha za mifupa. Humo mifupa hucheka, hucheza ngoma, hupiga gitaa.

Mafundi mashuhuri wa kazi hii wako San Salvador Huixcolotla, mji mdogo katika jimbo la Puebla. Hawatumii mkasi. Fundi hupanga karatasi laini za rangi, hata 50, moja juu ya nyingine. Juu yake huweka mchoro, kisha hukata kwa patasi na nyundo. Pigo moja hutoboa karatasi zote. Pigo moja baya huziharibu zote!

Jambo gumu ni viungo. Macho ya fuvu ni matundu. Lakini fuvu lenyewe lazima lishikane na karatasi inayolizunguka. Ukilikata pande zote litaanguka, nawe utabaki na tundu kubwa. Kwa hiyo fundi huacha vipande vyembamba, kama wavu, vilishikilie.

Jaribu kwa gazeti kuukuu. Likunje katikati. Kwenye mkunjo chora nusu ya pua na nusu ya mdomo. Pembeni kidogo chora jicho moja. Kata kwa mkasi, halafu kunjua. Meno yakate mwisho, tena polepole. Mimi yangu yaling'oka mara mbili.